Simu Inaita, Namba si Yake



Majuzi tulikaa na vijana watatu wa nyumbani katika mgahawa mmoja wa Xiaobei, Guangzhou, tukisubiri wali na samaki. Wawili ni wanafunzi, wa tatu ameanza kupeleka mizigo Dar es Salaam. Huyu wa mizigo alikuwa ameweka simu mpya mezani, na mwenzake akamtania kwamba ni feki. Akajibu kwa hasira kidogo, "Feki vipi, wakati inafanya kazi?" Ubishi ukapanda, kisha wakatugeukia sisi wenye mvi. "Mzee, wewe ni injinia wa simu. Hii inaita, inapokea, inapiga picha. Ufeki wake uko wapi?"

Tuliwajibu kwa mzaha, chakula kikaja, mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Lakini swali lile tulirudi nalo nyumbani. Tuliwahi kuulizwa swali hilohilo katika mji huuhuu, zaidi ya miaka 10 iliyopita, tukalijibu mara nyingi kwa neno moja, na tukalipwa kwa jibu hilo. Vijana wale mwaka 2016 walikuwa shule ya msingi. Hawaukumbuki usiku ule simu zilipozimwa. Sisi tunaukumbuka.

Msomaji mwenye simu karibu na abonyeze nyota, reli, sifuri, sita, reli. Zitatokea tarakimu 15. Kama simu ni ya laini mbili, zitatokea safu mbili. Hiyo ndiyo IMEI. Tarakimu 8 za mwanzo zinataja aina ya simu, na hugawiwa watengenezaji chini ya usimamizi wa GSMA, chama cha makampuni ya simu duniani. Sita zinazofuata ni za simu hiyo moja tu, kama namba ya chesisi ya gari. Ya mwisho ni ya uhakiki: hupatikana kwa hesabu ndogo kutokana na zile 14 zilizotangulia, ili mtu akikosea kunakili tarakimu moja, kosa lionekane.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtandao unaweza kukuhudumia bila kuijali namba hiyo hata kidogo. Anayelipa ni laini. Salio liko kwenye laini, namba unayopigiwa iko kwenye laini, M-Pesa iko kwenye laini. IMEI mtambo huiuliza, huiandika pembeni, na kama haukuagizwa kumkataa mtu, kazi inaendelea. Ndiyo maana simu elfu moja zenye IMEI moja ziliweza kupiga na kupokea kutwa nzima bila mwenye simu yoyote kati ya hizo kuhisi kitu.

Simu za namna hiyo zilitokea vipi? Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya MediaTek ya Taiwan iliuza chipu pamoja na programu yake na michoro ya bodi, karibu simu nzima isipokuwa kava. Kazi iliyohitaji mamia ya wahandisi ikawezekana kwa kikundi cha watu wachache wenye mtaji mdogo. Mwaka 2007 serikali ya China ikaondoa leseni maalumu iliyokuwa ikitakiwa kwa watengenezaji wa simu, na Shenzhen, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka hapa, ikafurika karakana. Wachina waliziita simu hizo shanzhai, maana yake ngome ya milimani, kule wanakojificha watu wasiomtii mfalme. Jina zuri, tena lina ucheshi.

Nasi tusijifanye watakatifu: tulizipenda. Nyumbani kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, na watu walitembea na simu mbili mfukoni au walibadilisha laini kwa ukucha mara kumi kwa siku. Nokia ilikuja kutoa simu za bei nafuu zenye laini mbili mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mafundi wa Shenzhen walikuwa wameshafika laini tatu na nne, wakaongeza spika ya kutosha harusi na betri ya kukaa juma zima kijijini pasipo umeme. (Tochi tusiwapokonye Nokia, 1100 yao ya mwaka 2003 ilikuwa nayo.) Kampuni ya Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilijijengea utajiri Afrika kwa kusikiliza mahitaji hayohayo, lakini simu zake za Tecno ziliandikwa Tecno na zilikuwa na namba zake zenyewe. Kwa hiyo urahisi wa bei haukuwa ndio ufeki. Kuna simu ya bei ndogo iliyo halali kabisa, na kuna ya bei kubwa iliyo ya uongo tangu kava hadi bodi.

Wafanyabiashara wa kwetu walikuja hapa kwa mamia, wengine wakati wa Maonyesho ya Canton, wengine mwaka mzima. Walitoka Kariakoo, Luthuli Avenue, Kampala, Lubumbashi. Kichina walikuwa hawajui, vifaa walikuwa hawavijui, na mji huu hauna huruma na asiyejua. Tulikuwa wachache tuliosomea mawasiliano na kukijua Kichina cha sokoni, nasi tukawa kama daktari wa mtaa. "Injinia, njoo unipimie mzigo." Tunachukua simu 100, tunachagua 10 au 20 bila mpangilio, tunatia laini, tunapiga, tunapokea, tunasikiliza spika, tunabonyeza vitufe vyote, tunaichaji. Betri tulizipima uzito mkononi, kwa sababu nyingi ziliandikwa namba kubwa kuliko chuma kilichomo. Tukiridhika tunasema, "Inafanya kazi." Tunalipwa yuani chache na chakula cha mchana.

Siku moja mwaka 2011 tulipima mzigo wa dada mmoja wa Kariakoo, mwanamke mchapakazi, mjane anayesomesha watoto. Kwa mazoea ya kitaaluma zaidi kuliko shaka, tulibonyeza nyota reli kwenye simu ya kwanza, tukaandika zile tarakimu. Ya pili ikatoa zilezile. Ya tatu zilezile. Tulipofika ya kumi tukaacha kuandika. Tulimwambia. Akatutazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua inanyesha Ulaya.

"Mdogo wangu, mimi nimekuuliza kama zinaita."

"Zinaita, dada."

"Basi tufunge boksi. Biashara haigombi."

Tukafunga boksi. Tangu siku hiyo, kwa wafanyabiashara wengine, hatukubonyeza tena nyota reli. Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie nasi, kwa sababu ndipo penye kosa letu, nalo si kosa la kusema uongo. Kila tulichosema kilikuwa kweli. Tuliulizwa kama simu zinaita, zikawa zinaita. Tulichofanya ni kujifunza kutoliona lile ambalo likionekana lingetulazimu kuongeza sentensi ya pili.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili vizuri kuliko vitabu vya uhandisi tulivyosomeshwa. Walifundisha kwamba muuzaji mwenye kuijua ila ya bidhaa yake anapaswa kuitaja kabla ya kupokea fedha. Mbuzi mwenye jipu ndani ya kwato, jahazi lenye ubao uliooza chini ya rangi mpya, usingojee uulizwe. Mnunuzi haulizi asilolijua. Ndiyo maana mzigo wa kusema umewekwa begani kwa anayejua.

Tulikuwa na kinga moja ya kujitetea, nayo tuliitumia miaka mingi. Tulisema, namba si jipu. Mbuzi atakufa, jahazi litazama, lakini simu yenye namba ya kuiba itaendelea kuita mpaka kava limalizike rangi. Ila yake iko wapi kama haimdhuru mwenye simu?

Jibu tulilipata kwa kazi yetu wenyewe, si kwa mawaidha. Mtu ameibiwa simu yake halali Ubungo. Anakwenda polisi, anakwenda kwenye kampuni ya simu, anatoa IMEI na kuomba izuiwe, ili mwizi abaki na kipande cha plastiki. Mhandisi wa kampuni anatafuta namba ile kwenye mtambo, anaikuta inatumika Mbeya, Moshi, Mtwara na Mwanza kwa wakati mmoja. Ni ile namba iliyonakiliwa. Akiizuia, anawazimia simu watu mamia wasiomjua mwizi. Asipoizuia, mwizi anauza simu kesho asubuhi kwa raha zake. Wizi wa simu ulishamiri kwa sababu nyingi, lakini hii ni mojawapo, nasi tulikuwa na mkono ndani yake. Ile namba haikuwekwa kwa ajili ya anayeishika simu. Imewekwa kwa ajili ya wengine wote. Ila yake haimuumi mnunuzi. Inamuuma mtu ambaye hakuwepo dukani.

Baadaye ikaja kumuuma mnunuzi pia.

India ilitangulia kuzuia simu zisizo na IMEI halali, mwisho wa Novemba 2009. Kenya ikafuata mwisho wa Septemba 2012, baada ya kuahirisha, na simu zaidi ya milioni 1 zikanyamaza. Tanzania ilikuwa na sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 iliyoweka msingi wa rajisi ya namba za vifaa. Desemba 2015 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikazindua mfumo wenyewe na kutoa miezi 6. Watu waliambiwa watume IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu likija na jina la simu tofauti na lililoandikwa kwenye kava, basi simu ni bandia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 zikazimwa, mamia ya maelfu kwa mara moja.

Moja ilikuwa ya shangazi yetu, Muheza. Tulimpelekea sisi wenyewe tulipokwenda likizo mwaka 2014. Ilikuwa na vitufe vikubwa, maana macho yake si mazuri, na spika anayoisikia akiwa jikoni. Tuliinunua kwenye kibanda kimoja cha mji huu kwa haraka, siku moja kabla ya safari. Usiku ule hotelini, wakati tunafunga mabegi, tuliibonyeza nyota reli. Hatujui kwa nini; labda kwa sababu hii haikuwa ya mteja. Tarakimu 8 za mwanzo tulizijua kwa macho. Zilikuwa zilezile za Nokia yetu ya zamani, na ile haikuwa Nokia. Tukaitazama, tukaangalia saa, tukaitia kwenye begi.

Juni 2016 tulimpigia siku tatu mfululizo bila kumpata. Siku ya nne alitupigia kwa simu ya jirani, laini yake ikiwa ndani ya simu ile ya kuazima. Alidhani kakosea kubonyeza kitu. Alikuwa ameipeleka kwa fundi, fundi akamlipisha 5,000 kwa kuichaji na kuifungua, kisha akamwambia imezimwa na serikali. Hilo lilimtia hofu, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kuingia kwenye kitabu cha serikali kwa ubaya. Tulimweleza habari ya namba, kwa Kiswahili chepesi, kwamba zile simu zina kitu kama cheti cha kuzaliwa, na ya kwake ilikuwa na cheti cha mtoto mwingine.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mwanangu, si wewe ndiye uliyeninunulia? Na hiyo ndiyo kazi yako. Hukujua?"

Tulijibu kwamba hatukujua.

Kama kuna msomaji anayesubiri tuseme nani mkosaji, tutasema, lakini hatutaanza na serikali, kwa sababu ni rahisi mno kwa mtu aliyeko ng'ambo kuanza na serikali. Mtengenezaji alijua, akauza. Mwenye kibanda alijua. Sisi tulijua. Dada wa Kariakoo alijua nusu, na nusu nyingine alichagua kutoijua. Wote hawa walikuwa wameshalipwa kabla ya usiku ule wa Juni. Aliyelipa ni yule wa mwisho kwenye mstari, ambaye peke yake hakuwa na njia ya kujua.

Sasa serikali. Makontena yalipita bandarini, mengine yakalipiwa ushuru, ingawa tunakiri kwamba simu nyingi ziliingia kwenye mabegi ya safari bila kulipiwa chochote. Sokoni ziliuzwa hadharani, kwenye maduka yenye leseni. Miezi 6 ya matangazo ni muda wa heshima, hatuwezi kusema watu walivamiwa. Lakini tangazo la kumwambia mtu atupe mali aliyoinunua kwa nia njema si fidia. Shangazi hakuwa na duka la kulirudia. Mwenye kibanda yuko Guangzhou, na hata sisi tukikipita leo hatuwezi kukitambua, maana jengo limebadilishwa.

Wapo wanaosema hapakuwa na njia nyingine. Kama mhandisi, hapo tunakataa. Pakistan ilipoanzisha mfumo wake mwaka 2018, simu zenye namba mbaya ambazo tayari zilikuwa zinatumika hazikuzimwa. Kila moja ilifungwa pamoja na laini ya mwenyewe, iendelee kufanya kazi na laini hiyo peke yake mpaka ife kifo chake. Zilizozuiwa ni zile zilizoingia baadaye. Kitaalamu si jambo gumu: mtambo uleule unaojua kukataa unaweza pia kukumbuka nani aliingia kabla ya mlango kufungwa. Simu ya bei ndogo haiishi miaka mingi. Kwa subira ya miaka mitatu au minne tatizo lingeisha lenyewe, bila mwanamke wa Muheza kulala na hofu.

Lakini tuseme na upande wa pili, kwa sababu tuliuona kwa macho. Baada ya Juni 2016 maswali ya wafanyabiashara hapa Guangzhou yalibadilika. Watu walewale waliokuwa wakiuliza kama zinaita walianza kutaka orodha ya IMEI kabla ya kutoa hata yuani moja. Vibanda vilivyokuwa vikitucheka vikajifunza kuandika namba. Hakuna mahubiri yetu yoyote yaliyowahi kufanya hivyo. Jambo tunaloliona kuwa si la haki lilileta mema ambayo sisi wenye ujuzi na dhamiri hatukuyaleta, tulipokuwa na nafasi ya kuyaleta kwa sentensi moja. Tumelitafakari hili miaka mingi na bado halijakaa sawa kifuani.

Halafu kuna habari ya rajisi yenyewe. Chombo kikishajengwa hakirudi ghalani. Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano ilipotaka kuunganisha mfumo wa kutambua simu bandia na mitambo ya makampuni, Mahakama Kuu iliusimamisha Aprili 2018 kwa kuhofia faragha ya raia. Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2020. Mwishoni mwa 2024 ikatangazwa huko huko kwamba kuanzia Januari 2025 simu zinazoingia nchini zitajwe IMEI zake, safari hii kwa ajili ya kodi, na jambo hilo nalo likapelekwa mahakamani. Tanzania, Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Kwanza simu, kisha laini, na laini ina jina la mtu.

Sisi wa huku tunaishi ndani ya mambo haya kwa kina kuliko ndugu zetu wa nyumbani. Laini zetu zina pasipoti zetu, malipo ya nyanya sokoni yana majina yetu. Facebook imefungwa hapa tangu 2009, WhatsApp tangu 2017, na kila mmoja wetu anajua njia zake za kuzunguka ukuta, ambazo hatutaziandika kwenye jarida. Tena tunajua nini maana ya kuwa namba isiyolingana na orodha. Waliokaa Xiaobei na Sanyuanli wanakumbuka kusimamishwa njiani na kuombwa pasipoti. Mtu analipa kodi ya chumba, anapeleka mizigo, anafanya kazi vizuri kabisa, mpaka anapoulizwa karatasi. Na Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa mji huu walitolewa kwenye nyumba na hoteli hata wakiwa na karatasi zote. Kwa hiyo tusije tukadhani kwamba kuwa na namba halali kunamaliza mambo.

Baadhi ya wanaojenga mitambo hii tumesoma nao, tumekula nao. Ni watu wema, wengi wao vijana. Ukimuuliza mmoja habari ya rajisi ya simu, au ya swichi inayoweza kuukata mtandao wa nchi nzima, atakujibu kwa fahari ya kazi iliyofanyika vizuri: inafanya kazi. Na ni kweli. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Tulikaa hapa Guangzhou, sisi tuliozoea kuwa ndio tuliofungiwa, tukitazama tiki moja ya kijivu kwenye kila ujumbe tuliotuma nyumbani. Kitaalamu ilikuwa kazi safi. Tulipolikumbuka lile boksi tulilolifunga mwaka 2011, tuliona aibu kumlaumu injinia yeyote. Naye aliulizwa kama inaweza kufanyika, akajibu swali aliloulizwa.

Tunarudi kwa kijana wa mgahawani. Simu yake tuliiomba kabla ya kuagana. Tulibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli mbele yake, tukamwonyesha zile 8 za mwanzo na namna ya kuzitafuta. Ilikuwa halali, na alifurahi kuliko ilivyostahili. Kisha akauliza kama mteja wake wa Kariakoo ana haja ya kujua mambo haya, maana wateja wake hawaulizi. Tukamwambia amwambie hata asipouliza, na kama atapoteza mteja, basi ampoteze. Hatujui kama alitusikia. Alikuwa anaangalia saa, ajenti wa mizigo anafunga saa 12.

Mwaka 2017 tulikwenda Muheza na simu nyingine, ya vitufe vikubwa, tuliyoinunua dukani na risiti. Shangazi hakuipokea. Alimwita mjukuu wake, binti wa darasa la sita, akamwambia aibonyeze. Tukasomewa tarakimu moja moja kwa sauti, shangazi akizihesabu kwa vidole mpaka 15. Binti akazituma 15090 kwa simu ya mama yake. Tulikaa ukumbini tukingoja jibu, hakuna aliyesema kitu, kuku wakipita mlangoni. Ujumbe ulipoingia binti akasoma jina la simu, shangazi akataka aonyeshwe maandishi ya kwenye kava, akayafuata kwa kidole herufi kwa herufi. Ndipo akaichukua, akasema asante mwanangu.

Ile ya kwanza hatujawahi kumwambia kweli yake. Yeye hasomi jarida hili, lakini yule binti sasa anasoma chuo, na hulipata kwa barua pepe kila linapotoka.